Bibi Aliyekaa Hewani

Ukitaka kumpaisha mtu, unaanza kwa kupiga picha ya mahali ambapo hayupo. Hivyo ndivyo Mwanahawa Muhidini alivyokuwa akiwaeleza wateja wake pale Ilomba, na alieleza bila kuficha kitu, kwa sababu aliipenda kazi yake kiasi cha kutoona haja ya kuifanya siri. Unaisimamisha kamera kwenye stendi, alisema, na huigusi tena hata siafu wakikupanda miguuni. Unapiga uwanja mtupu. Kisha unaleta stuli, mtu anapanda, anakunja mguu au anainua mkono, unapiga tena. Ukifika kwenye kompyuta unazilaza hizo picha mbili moja juu ya nyingine, halafu unaifuta stuli polepole mpaka majani yaliyokuwa nyuma yake yatokeze. Mtu anabaki juu, chini yake hakuna kitu.

"Na kivuli?" wateja wajanja waliuliza.

"Kivuli nakiacha pale pale chini," alijibu. "Nikikifuta, unaonekana umebandikwa kama stempu. Nikikiacha, hata mimi niliyeitengeneza nashtuka."

Studio aliirithi kwa baba yake, mzee Muhidini, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa wakifuata biashara ya nguo na baridi ya Mbeya ikawazoea. Enzi za mzee, watu walijipanga mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji na ngazi ya ndege, wakapigwa picha wakiwa wamevaa miwani ya kuazima. Simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, na studio ikabaki na pasipoti saizi za watoto wa shule waliofokewa kwamba wasitabasamu. Mume wa Mwanahawa alikwenda Tunduma kutafuta maisha, na huko maisha yakamkuta na mwanamke mwingine. Alibaki yeye, binti yake Hanifa, na pazia la maporomoko lililoanza kuliwa na panya.

Picha za kuelea ndizo zilizomwinua. Alijifunza mwenyewe, kwa kutazama video za watu wa mbali na kuharibu picha nyingi. Akampaisha Hanifa kwanza, kitabu mkononi, juu ya mfereji wa mtaani, na mfereji ule wenye uvundo ukaonekana mto wa peponi. Wahitimu wa kidato cha nne wakaja kwa makundi. Maharusi wa sendofu wakaja. Kwaya moja nzima ilitaka ielee juu ya shamba la chai, na mtu wa besi, aliyekuwa mnene, aligombana na stuli mpaka wenzake wakakaa chini kwa kucheka. Watu walimwita Mama wa Kupaisha, naye jina hilo lilimkaa vizuri.

Sasa, katika watu waliopita pale studio, alikuwepo Bibi Esnath. Huyu hakuwa mteja. Alikuwa mkulima wa milimani, juu huko ukishapita Mbalizi, mjane, Mkristo wa kuimba sauti ya pili bila kusoma kitabu, na alikuwa akiwaletea akina Mwanahawa maharage na viazi tangu mama yake Mwanahawa angali hai. Damu zao zilipatana. Alikuwa akishusha mzigo, anakunywa chai ya tangawizi ambayo kila mara aliisema kuwa kali, na anakaa kutazama picha za ukutani huku akiguna.

"Mwe! Na huyu naye mmemtundika?" alisema siku ile, mbele ya picha ya msichana aliyeelea kwa joho la mahafali. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mama Hanifa, na mimi nipaishe basi. Kile kilima changu nimekipanda kwa miguu tangu niolewe. Angalau mara moja nikishuke kwa raha."

"Kweli, mama?"

"Kweli. Nitamtumia Bertha, aone mama yake naye ana mambo."

Bertha alikuwa binti yake wa mwisho, aliyeolewa Iringa. Wengine wawili walikuwa makaburini, pamoja na baba yao Isaka, nyuma ya nyumba ile ile ya kilimani ambako bibi aliishi peke yake.

Mwanahawa alipanda huko asubuhi moja baada ya mvua, hewa ikiwa safi na mlima unaonekana hadi mikunjo yake. Alikuwa amebeba stuli ndefu ya studio. Bibi hakutaka kusimama, magoti hayakumruhusu, basi akakalishwa. Na mtu wa shamba akikaa, mikono yake inatafuta kazi. Akaomba ungo wake na maharage, akaanza kuchambua, akasahau kabisa kama kuna kamera. Kitenge chake kilianguka kikaficha kiti. Ungo ulikaa magotini, ukafunika ile kona ya stuli ambayo kwa kawaida ndiyo humsumbua mpiga picha, maana kufuta kitu kilichogusana na nguo ni kazi ya kuumiza macho. Mwanahawa aliuona ule ungo akafurahi. Aliona kona iliyofichika. Hakuona kingine.

Hapo ndipo mtu anaweza kumshangaa. Mtoto wa Kitanzania anayejua kuongea tu, ukimwambia bikizee, hewani na ungo, atakujibu mchawi kabla hujamaliza. Mwanahawa alikuwa na akili zake zote, na mambo hayo aliyajua. Lakini mtu aliyeshinda siku tatu mbele ya kompyuta akifuta miguu ya stuli, unyasi mmoja baada ya mwingine, ungo kwake si ungo tena. Ni mstari wa duara unaomsaidia.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Bibi Esnath amekaa hewani kama aliyekaa jikoni kwake, uso ameuinamisha kwenye maharage, miguu inaning'inia, na kivuli chake kiko mbali chini kwenye majani yenye umande. Bibi alipopewa nakala yake aliipapasa chini ya miguu kwa kidole, akitafuta stuli. Aliitundika ukutani karibu na ya marehemu Isaka. Mwanahawa akamwuliza kama anaweza kuweka nyingine kwenye ubao wa nje ya studio, kama ilivyo desturi, kazi nzuri hukaa mlangoni iite watu.

"Weka," bibi alisema. "Na wa mjini wanione."

Ubaoni ilikaa kidogo tu kabla ya Liberatus, jirani aliyekuwa akiuza kava za simu, kusimama mbele yake mikono kiunoni. "Dada," alisema, "huyu bibi kaja na usafiri wake kabisa!"

Akacheka. Mwanahawa naye akacheka, kisha akaitazama tena picha yake. Aliuona ungo. Pale pale alijua kwamba inatakiwa ishuke. Lakini wapita njia walikuwa wamesimama, watatu, wanne, na mmoja alikuwa tayari anauliza naye lini anaweza kuja kupaishwa. Aliiacha. Alijiambia ataishusha jioni, jioni ikawa kesho. Siwezi kumtetea kwa hilo, na yeye mwenyewe hajitetei.

Mtu aliipiga kwa simu. Nani, haijulikani mpaka leo. Ilipoingia kwenye magrupu haikuwa na ubao wala jina la studio, ilikuwa na maneno: bibi anaswa mchana kweupe Mbeya akitua. Mwingine akatia chumvi kwamba ni Iyunga, amegonga waya za umeme. Ikaja sauti ya mwanaume, nzito, akiapa kwamba alikuwepo, na kwamba bibi aliomba maji ya kunywa. Watu wenye shule zao, wenye kazi zao, walimtumia Mwanahawa picha yake mwenyewe wakimwambia ajihadhari. Aliwajibu kila mmoja. Wengine walimrudishia alama ya kucheka. Wengi hawakujibu.

Kule kilimani picha ilifika ikiwa imeshapita mikono mingi, lakini huko hawakuhitaji jina. Walimjua aliyekaa pale. Walilijua kitenge, na mti wa parachichi wa nyuma yake waliujua. Hata hivyo mwanzoni ilikuwa minong'ono tu. Kisha mtoto wa jirani yake, mtoto mdogo wa Tusajigwe, akashikwa na homa na degedege, akafa kabla hawajamfikisha hospitali.

Bibi Esnath alikwenda msibani akiwa amebeba maharage, kama mtu yeyote. Wanawake wakasogea, pakabaki nafasi kubwa kuzunguka pale alipokaa. Maharage yake hayakupikwa. Siku zilizofuata mawe yalirushwa juu ya bati lake, na mtu alimng'olea viazi vikiwa vichanga, akaviacha pale pale juani.

Aliteremka hadi Ilomba, safari hii bila mzigo. Hakunywa chai.

"Wameitisha mkutano," alisema. "Wanataka nihame. Mama Hanifa, njoo uwaambie ile stuli."

Mwanahawa aliiwasha kompyuta aitafute picha ya stuli, ile ya kabla ya kufuta, asiikute. Alikuwa na tabia ya kuzifuta picha za mwanzo kazi ikiisha. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, haikuwa na nafasi, na zaidi ya hapo wateja hawakupenda stuli zao zionekane. Bibi Esnath alikuwa amebaki humo akielea tu.

"Basi nitawaonyesha upya," alisema. "Mbele ya macho yao. Wakiona ninavyofanya, watakuchekea na kukuomba radhi."

Aliamini hivyo kabisa. Tangu aanze kazi ile, hakuwahi kumwonyesha mtu asielewe.

Mkutano ulikaa asubuhi, kwenye uwanja wa kijiji, ukungu ukiwa haujaondoka vizuri. Mwenyekiti alikuwa Fanueli, mtu mpole aliyevaa koti la suti juu ya sweta, ambaye kila alipolitaja neno kuhama alilisema kwa sauti ya chini. Alimpa Mwanahawa nafasi. Mwanahawa akasimamisha stendi, akaweka stuli kwenye majani, akaeleza kwa utaratibu kama alivyozoea, tangu bibi alipokuja studio akaomba apaishwe. Walimsikiliza vizuri. Akapiga uwanja mtupu. Kisha akageuka, akatabasamu, akasema, "Haya, nani apande?"

Hakuna aliyesogea.

"Ni stuli tu, jamani. Ya mti. Kijana yeyote."

Kijana mmoja alitaka kuinuka, mama yake akamvuta shati. Mwanahawa akamgeukia mwenyekiti. "Mzee Fanueli, wewe ni kiongozi. Panda uwaondoe wasiwasi."

Fanueli alikohoa. "Mama, mimi nikionekana kwenye hiyo mapicha naelea, kesho hapa nitaongoza nini?" Hakuna aliyecheka, wala yeye hakuwa anatania.

Ndipo Bibi Esnath, aliyekuwa amekaa peke yake upande wa pili kwenye kipande cha kanga, akaanza kujiinua kwa mikono. "Nipande mimi tena," alisema. "Mimi siogopi."

"Kaa, mama!" Mwanahawa alimkemea, na hakuwahi kumkemea maishani. Watu walikuwa wameshasikia.

Akapiga moyo konde, akapanda yeye. Aliitega kamera ijipige yenyewe, akapandisha gauni, akakaa, akanyoosha mikono huku na huku. Kamera ikalia. Akashuka, akafungua kompyuta juu ya meza ya mwenyekiti, na watu wakamzunguka mpaka akahisi pumzi zao shingoni. Akazilaza picha mbili. Akaanza kufuta. Mguu mmoja wa stuli ukaondoka, majani yakatokea. Mguu wa pili. Vijana wakapiga kelele za kushangaa, mmoja akasema hii ni noma, wengine wakacheka kweli, kicheko cha mchana cha watu walioondolewa hofu. Mwanahawa aliinua macho akamtafuta Bibi Esnath, akamwashiria kwa kichwa kwamba mambo yameisha.

Tusajigwe alikuwa amesimama karibu kabisa na meza. Alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Alizungumza taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomwumiza Mwanahawa zaidi, kwa sababu hasira angejua jinsi ya kuijibu.

"Dada, nimeona stuli inafutika. Nimeelewa, ile picha ni ya kutengeneza, sibishi. Sasa na wewe nieleze. Hapa tupo wengi, umetuomba, hakuna hata mmoja kakubali kupanda. Hata kwa kuigiza tumeogopa. Huyu mama yeye hukumwomba. Alikuja kwako mwenyewe akasema nipaishe. Si ndiyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa nini alitaka?"

Majibu yote aliyokuwa nayo Mwanahawa yalikuwa ya stuli. "Alitaka kufurahi tu," alisema.

"Mtu mzima, kaachwa peke yake, kazika watoto," Tusajigwe alisema, "anafurahi kuonekana anaruka?"

Kutoka nyuma, sauti ya mwanamke mwingine ikasema, "Na huyu wa pwani naye si kapanda! Kumbe wapo wawili."

Kicheko cha vijana kilikatika. Watu wakarudi nyuma hatua moja moja, na mahali pale penye meza pakabaki pana kama palivyokuwa msibani kuzunguka Bibi Esnath. Mwanahawa aliendelea kusema, akaeleza kamera, akamtaja Mungu, akamtaja marehemu mama yake aliyekula maharage ya bibi yule miaka yote. Fanueli alimwacha amalize. Kisha akatangaza, akiyatazama majani, kwamba kwa usalama wa mama mwenyewe, na kijiji hakimtuhumu kwa lolote, ingefaa akapumzike kwa mtoto wake kwa muda. Kila mtu alijua muda huo hauna mwisho.

Mwanahawa alimsaidia bibi kufunga vitu. Havikuwa vingi. Bibi alichelewa nyuma ya nyumba, kwenye yale makaburi matatu, akang'oa magugu moja baada ya jingine mpaka pakawa peupe, na Mwanahawa akasimama kando akiwa na vifurushi mikononi, bila kuthubutu kumwita.

Picha ya Mwanahawa mwenyewe nayo ilizunguka. Mtu aliipiga kutoka kwenye kioo cha kompyuta kabla stuli haijaisha kufutwa, mguu mmoja umebaki, na hata hivyo ilizunguka. Maharusi wakaacha kuja. Akaung'oa ubao wa mlangoni, akarudi kwenye pasipoti saizi, na hata hizo, baadhi ya wazazi waliwaita watoto wao watoke nje mara tu wanapomaliza kupigwa.

Aliona haya kwenda Iringa. Aliahirisha, akaahirisha tena, akijidanganya kwamba Hanifa ana mitihani. Alipokwenda ilikuwa msimu wa baridi, na alimkuta Bertha akifua mbele ya nyumba ya kupanga, Kihesa. Bertha alimpokea kwa adabu zote, akamletea kiti, akamwuliza habari za Mbeya, ila hakumtazama usoni.

"Watoto hawajambo?" Mwanahawa aliuliza, maana nyumba ilikuwa kimya.

"Hawajambo. Wapo kwa shangazi yao kwanza. Hapa padogo," Bertha alisema. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. "Mama yupo uani."

Bibi Esnath alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa chumba cha nyuma, kwenye kajua kadogo, mikono imelala mapajani. Mwanahawa hakuwahi kuiona mikono ile imelala. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa naye chini. Alikuwa amejiandaa kuombwa amrudishe kijijini, kulaumiwa, hata kutukanwa, na njia nzima alikuwa ametunga maneno ya kuomba msamaha. Aliyaanza. Bibi akamshika mkono, akamnyamazisha.

"Mama Hanifa, siku ile wewe ulikuwa unanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama maharage. Nataka uniambie ukweli, sitakulaumu." Alishusha sauti. "Sikuruka?"

Mwanahawa alidhani anataniwa. Alimtazama usoni, akaona hakuna utani.

"Hukuruka, mama! Ulikaa kwenye stuli. Ile stuli yangu."

"Stuli naikumbuka. Lakini uliitoa."

"Niliitoa kwenye picha. Chini yako sikuitoa. Mama, wewe mwenyewe uliniambia njoo uwaambie ile stuli."

"Nilisema," bibi alikubali. "Wakati ule nilikuwa na uhakika." Alitazama mikono yake. "Watu wote wale, mwanangu. Tusajigwe nilimzalisha mimi, anajua nampenda. Fanueli si mtu mbaya. Na huyu Bertha, mtoto wa tumbo langu, ananiwekea chakula anaondoka. Wote wakosee, mimi peke yangu nipatie? Wanasema mtu anaweza kuwa nayo na hajijui. Anatoka amelala, anafanya, anarudi. Nimewaza sana. Yule mtoto kila usiku namwombea, na namwomba Mungu anisamehe kama ni mimi."

"Si wewe! Ilikuwa homa, mama, ilikuwa homa tu!" Mwanahawa alikuwa analia sasa, kwa sauti, bila kujali Bertha anasikia. Alimtikisa mkono kama anayemwamsha mtu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwafanya watu waamini kitu ambacho hakipo, na alikuwa hodari, na sasa alikuwa na neno moja tu la kweli na hakuweza kumfanya kikongwe mmoja aliamini.

Bibi alimpangusa machozi kwa ncha ya kanga. Alimwonea huruma kweli kweli.

"Usilie. Hapa sitamdhuru mtu," alisema. "Nimemwomba Bertha awe ananifungia usiku, na amekubali."

Mwanahawa aligeuka akautazama mlango waliouegemea. Komeo lilikuwa jipya, bado lina vumbi la mbao kwenye misumari yake, na lilikuwa limepigiliwa upande wa nje.